Picha ya Kusimama

Jumamosi nyumbani kwa kina Paskalia haikuhitaji kengele. Umande ukiwa bado mzito kwenye migomba, Mjomba Kasimiri alikohoa mara moja uani, na kikohozi hicho kiliwatoa wote kitandani. Mama alichochea moto wa uji. Regina, dada yake Paskalia aliyemzidi miaka miwili, alisokota kata za majani makavu ya migomba, moja kwa kila kichwa. Wakishakunywa uji walipanda shambani, wakajitwika mikungu ya ndizi na kuteremka nayo mlimani hadi barabarani. Lori la wanunuzi lilifika huko saa mbili, likakaa saa moja, likaondoka zake. Halikumsubiri mtu.

Huko Matombo, kama kwa Waluguru wengi, kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na Mjomba Kasimiri alikuwa na kauli kwelikweli. Alikuwa mtu mgumu, lakini mwangalifu. Kati ya shamba na barabara kulikuwa na mto wenye daraja la magogo. Kila masika, maji yakishapungua, hakuna mwanamke wala mtoto aliyeruhusiwa kulikanyaga daraja hilo kabla Mjomba hajalivuka mwenyewe na gunia la mihogo begani. Alisema daraja tupu halimwambii mtu kitu, lazima ulisikilize likiwa na mzigo. Majirani walimheshimu kwa jambo hilo, na Paskalia pia alikuwa akimheshimu, mpaka mwaka huu.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa nane Regina alisokota kata tatu kama kawaida. Moja akamrushia mdogo wake miguuni.

"Taji lako hilo," alisema, akaenda kujitwika mkungu mkubwa kuliko wote.

Paskalia aliokota kata, akaiweka kichwani ikiwa tupu. Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa na Mjomba: asiyebeba mzigo ateremke na wenzake hadi barabarani, kata kichwani, watu wote wamwone. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na alikuwa ameteremka hivyo kwa Jumamosi saba mfululizo, akichechemea. Barabarani wanawake waliokuwa wakipakia ndizi walimtazama, mmoja akamwuliza kama leo amebeba upepo wa kilo ngapi. Wengine wakacheka. Paskalia aliinamisha kichwa, kata ikaanguka vumbini, akalazimika kuinama kuiokota huku wakimwangalia.

Adhabu hiyo haikuanza bure, na ni haki kuisimulia yote. Mwezi wa tatu, Jumamosi moja ambapo shule ilikuwa na mechi ya netiboli, Paskalia aliamka akijishika tumbo. Alijikunja, akalia, akakataa uji. Mama yake, Mama Regina, alipatwa na hofu, akamwacha amelala na mikungu yake akaibeba mwenyewe kwa safari ya pili. Jioni Regina alimshika mdogo wake mikono, akakuta vidole vimegandana kwa utomvu wa fenesi. Mgonjwa wa tumbo alikuwa amecheza mechi yote, kisha akakaa mtoni na wenzake wakamaliza fenesi zima. Mama alilia kwa hasira. Mjomba hakumpiga. Alimwambia tu kwamba kuanzia siku hiyo maneno yake yatapimwa mara mbili.

Halafu ikaja masika. Njia ya shambani imechongwa ngazi za udongo, na mvua ikinyesha zinateleza vibaya. Mwezi wa tano Paskalia alikuwa akiteremka na mkungu kichwani, ncha ya mguu wa kulia ikazama chini ya mzizi, na mwili pamoja na mzigo vikaenda mbele. Mguu ulibaki nyuma umejikunja. Alisikia kitu kikilia ndani yake. Ndizi zilitawanyika hadi chini kwenye magugu, na Regina ndiye aliyezikusanya.

Mguu ulivimba. Mama aliukanda kwa maji ya moto na chumvi, akaufunga kitambaa. Wiki iliyofuata walikwenda hospitali, Paskalia akalazwa juu ya meza, akapigwa picha ya eksirei, wakapewa karatasi iliyosema kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Mjomba aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani kando ya kalenda ya parokia. Uvimbe ulipokwisha, alimlaza mpwa wake mkekani, akaubinya mguu, akaukunja, akaugongagonga kisigino.

"Unauma?"

"Hauumi sana, Mjomba."

"Simama." Paskalia akasimama. "Sasa?"

"Sasa unauma."

Mjomba aliwageukia Mama na Regina. "Mmesikia wenyewe. Ukilala hauumi, ukiitwa kazini unauma. Huo si ugonjwa. Huo ni uvivu umevaa ndala."

Paskalia alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake ndiyo iliyomfunga. Kila alipoukanyagia mguu ule, katikati yake, juu ya upinde wa unyayo, kulikuwa na maumivu kama kitu kinachofunguka. Akikaa yalitulia. Hata yeye mwenyewe hakuelewa ni ugonjwa gani unaojua kuchagua saa hivyo. Shuleni alikuwa wa mwisho kufika mstarini, na wenzake wa netiboli waliacha kumwita. Regina, aliyekuwa akibeba mikungu ya watu wawili, hakumsemesha ila kwa maneno ya kuchoma.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tangazo lilisomwa. Katika hospitali moja ya Morogoro mjini kulikuwa na mashine iliyoletwa kwa majuma matatu tu na watu wa utafiti. Ilipiga picha za miguu, mtu akiwa amesimama. Walitafutwa wakazi wa milimani wanaobeba mizigo na kuumwa miguu, na huduma ilikuwa ya bure.

Mama alimtazama kaka yake. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu Mjomba alitabasamu, lakini halikuwa tabasamu la kumfurahisha mtu.

"Nitampeleka mwenyewe," alisema. "Mashine haidanganywi kwa machozi. Ikisema mguu mzima, likizo ya Desemba anakwenda Turiani kwa mama yake mdogo, na shule atamalizia huko huko. Kule kuna mashamba ya mpunga. Uvivu utamtoka."

Paskalia hakulala vizuri siku ile. Turiani ilikuwa mbali na mama yake, mbali na shule, mbali na kila mtu aliyemjua, na angekwenda huko akiwa na jina la mwongo. Zaidi ya hayo aliogopa kwamba mashine nayo ingesema kama ile karatasi ya ukutani.

Walifika mjini Jumatano, milima ikiwa nyuma yao imejifunika mawingu. Hospitalini watu walikuwa wengi, na zamu yao ilifika mchana, wahudumu wakiwa wamechoka. Aliyewapokea alikuwa mpiga picha, Bi Mwanvita, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Paskalia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye fomu.

Mashine yenyewe ilikuwa duara kubwa jeupe, lililokaa chini karibu na sakafu, lenye nafasi katikati ya mtu kuingia na kusimama. Bi Mwanvita alieleza kwamba duara litaizunguka miguu, litapiga mamia ya picha, na kompyuta itaziunganisha ziwe mguu mmoja unaoweza kugeuzwa pande zote, juu, chini na ndani. Mgonjwa alitakiwa kufanya jambo moja tu.

"Simama kama unavyosimama nyumbani. Uzito wako ugawe sawasawa, huku na huku. Na usicheze. Umeelewa?"

"Ndiyo, Bibi."

Paskalia aliingia, akashika vyuma vya pembeni. Kwenye kioo cha chumba cha pili aliuona uso wa Mjomba umekunjamana. Aliukanyagia mguu wa kulia, na maumivu yakafunguka palepale. Basi mwili wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kwa miezi mitatu: ukahamia kushoto, taratibu, mpaka mguu wa kulia ukawa umegusa tu. Alijua. Hakuna aliyejua ila yeye.

"Umekanyaga miguu yote miwili?" sauti ya Bi Mwanvita ikauliza.

"Ndiyo," alijibu Paskalia.

Duara likavuma, likazunguka, likanyamaza. Ilichukua muda mfupi kuliko kusali Baba Yetu.

Bi Mwanvita aliitazama picha, akaigeuza, akatikisa kichwa kidogo. Alimwambia Mjomba kwamba kwa alivyoona yeye mifupa imekaa mahali pake, ingawa daktari ndiye atakayesema la mwisho. Mjomba hakutaka kusubiri la mwisho. Alivaa kofia yake, akaomba aandikiwe karatasi, tena yenye mhuri.

Paskalia alisimama mlangoni akiwa ameshika ndala zake mkononi. Aliiona karatasi ile ya pili kama tayari imebandikwa kando ya ile ya kwanza. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza kungempeleka Turiani. Angeweza kusema, na kusema kungempa Mjomba uongo mwingine wa kumhesabia. Aliona bora achekwe kwa alilofanya kuliko kwa asilolifanya.

"Nimedanganya," alisema. "Sikuukanyagia. Niliegemea mguu wa kushoto kwa sababu huu unaniuma, nikaogopa."

Mjomba alimgeukia taratibu. "Umemsikia mwenyewe," alimwambia Bi Mwanvita. "Hata mbele ya mashine. Mtoto huyu kudanganya kwake ni kama kupumua."

Bi Mwanvita alivaa miwani, akasogelea kompyuta. Chini ya kila unyayo mle ndani ya duara kulikuwa na kibao cha mizani, na namba zake zilikuwa zimeandikwa pembeni mwa picha. Alizisoma kwa sauti. Mguu wa kushoto ulibeba kilo thelathini. Wa kulia ulibeba saba.

"Namba hizi zilikuwa hapa tangu mwanzo, na mimi kwa haraka zangu sikuzitazama," alisema. "Baba, keti. Mtoto amekubali kosa lake kabla sijalijua. Asingesema, ningewapa picha ya mguu uliokuwa umepumzika."

Alikwenda kumwita daktari. Daktari Hashimu alikuwa kijana mwembamba, asiyependa kupoteza maneno. Alisikiliza, akampapasa Paskalia mguu, akamwuliza kama siku zile za mwanzo alikuwa na alama ya bluu chini ya unyayo. Paskalia akasema ilikuwepo, ila hakuna aliyemwuliza. Daktari alisema mionzi ya mashine ile ni michache, lakini mtoto hapigwi picha ovyo ovyo. Angeruhusu mara moja zaidi, basi.

"Itauma," alimwambia. "Ukihamisha uzito tena, hatutarudia. Utaweza?"

"Nitaweza."

Akaingia tena. Safari hii hakumtazama mtu kwenye kioo. Bi Mwanvita alisimama akizisoma namba: ishirini na tano kwa kumi na mbili, ishirini na mbili kwa kumi na tano. Paskalia alizidi kukanyaga. Jasho lilimtoka puani, meno yakang'atana, machozi yakateremka bila kilio. Kumi na tisa kwa kumi na nane. "Hapo hapo," alisema Bi Mwanvita, na duara likaanza kuvuma. Paskalia alihesabu moyoni ngazi za udongo za njia ya shambani, moja moja, akateremka nazo hadi ishirini na sita, ndipo mashine ikanyamaza.

Daktari Hashimu alimwita Mjomba karibu na kioo cha kompyuta. Alimwonyesha picha zote mbili, ya uongo na ya kweli, kando kwa kando. Katika ya kwanza mifupa ya katikati ya mguu ilikuwa imekaa vizuri, imeshikana. Katika ya pili, kati ya mfupa wa kidole gumba na ule wa kidole kinachofuata, palikuwa na mwanya ambao punje ya mchele ingepita. Mguu wa kushoto haukuwa na mwanya huo.

Alieleza kwamba mifupa haikuvunjika kamwe, na karatasi ya ile hospitali ya kwanza haikusema uongo. Kilichokatika ni kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Mtu akilala, mifupa inarudi mahali pake na mguu unaonekana mzima. Akisimama, uzito unaitenganisha. Ndiyo maana jeraha la namna ile hutafutwa kwa kumsimamisha mgonjwa.

Mjomba aliinama. Aliomba picha igeuzwe tena. Ikageuzwa.

"Kwa hiyo aliposema kwamba akilala hauumi, na akisimama unauma," alisema, akasita.

"Alikuwa anaeleza ugonjwa wake vizuri kabisa," daktari alijibu. "Ungekaa hivi mwaka mzima, upinde wa mguu ungelala na angechechemea maisha yake yote."

Mjomba alivua kofia aliyokuwa ameivaa tangu mapema. Hakusema samahani. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi peke yake, na Paskalia alipomfuata alimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hata wakati huo hakumwonea huruma. Alikumbuka Jumamosi saba na kata tupu, akakaa mwisho wa benchi, mbali naye.

Juma lililofuata alifanyiwa upasuaji, mifupa ikafungwa kwa skrubu mbili. Akapewa magongo na mguu uliofungwa plasta, na amri ya kutoukanyaga kwa wiki nane. Gari lilimshusha yeye na Mjomba barabarani, Mama na Regina wakiwa wamekuja kuwapokea. Kutoka hapo njia ilikuwa ya miguu, na magongo hayakufaa kwenye magogo. Mjomba alichutama mbele ya Paskalia bila kumtazama.

"Panda mgongoni."

Wakavuka daraja hivyo. Katikati magogo yalilia, Mjomba akasimama kidogo kuyasikiliza kama alivyozoea, kisha akaendelea. Ng'ambo alimweka chini juu ya jiwe. Alikuwa akihema.

"Daraja hili nalijaribu kwa mzigo miaka yote," alisema, na alisema mbele ya Mama na Regina. "Mguu wako niliujaribu umelala mkekani, nikauhukumu, nikakutembeza na kata tupu. Hilo ni kosa langu. Sikulirithi kwa mtu, nimelifanya mimi."

Paskalia alitazama plasta yake.

"Na lako usilisahau," Mjomba aliendelea. "Siku ya fenesi uliitumia imani yetu yote kwa mchezo mmoja. Ulipoumia kweli hukuwa na akiba. Mimi ningekusikiliza kama neno lako lingekuwa na uzito. Kule hospitali ulikiri uongo wako wakati kukiri kulikuwa kunakuumiza, na ndiyo sababu mguu wako umetibiwa. Sema kweli hivyo hivyo, mapema, hata pale inapokuaibisha. Nami nitasikiliza kabla ya kukata neno."

Regina aliinua magongo, akayaweka begani. "Fenesi lenyewe hata kipande hamkuniletea," alisema kwa kununa, akatangulia njiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu kumsemesha mdogo wake bila kumtukana.

Wiki nane zikapita, kisha nyingine za kujifunza kutembea upya. Hakuna aliyetaja tena Turiani. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa pili, umande mzito kwenye migomba, Mjomba alipokohoa uani. Regina alikuwa amesokota kata tatu. Mjomba alimsimamisha Paskalia mlangoni.

"Mguu unasemaje?"

Angeweza kusema unauma, na hakuna ambaye angembishia. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na kitanda kilikuwa bado na joto.

"Jana uliuma kidogo nilipokuwa natoka shule," alisema. "Leo hauumi."

Mjomba hakuubinya mguu wala hakuuliza karatasi. Walipofika shambani aliutazama mkungu aliotengewa Paskalia, akaukata vichana vitatu na kuvitupia kwenye tenga lake mwenyewe, kisha akamtwisha uliobaki.

"Ukianza kuuma?"

"Nitasema, Mjomba."

"Haya. Twende, lori halisubiri mtu."